Dereva wa Basi la Vitabu Anayemngoja Mpigakura Mmoja

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Sirkku Vaaraniemi anaegesha basi la maktaba mbele ya safu ya masanduku ya barua kwenye njia panda ya Kitkula. Anazima injini, anafikiri kidogo, kisha anaiwasha tena. Nje ni nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, ingawa ni Aprili, na wino wa muhuri haupendi baridi.

Anafungua mlango. Anakagua kituturi, kibanda cha kadibodi kilichobanwa kati ya rafu ya riwaya na rafu ya vitabu vya watoto: penseli ipo, orodha ya nambari za wagombea imebandikwa. Halafu anavuta mkono wa sweta na kutazama kifundo chake cha kulia. Muhuri wa uchaguzi uko pale pale, umening'inia kwenye uzi mwekundu wa sufi aliousuka mwenyewe.

"Naona umemfunga kamba kama mbwa," anamtania mfugaji mmoja wa kulungu, akipangusa theluji kwenye buti.

"Akinitoroka huyu, anayeumwa ni mimi," anajibu Sirkku. Hacheki.

Mfugaji anaingia kituturini, anaandika nambari, anarudi na karatasi iliyokunjwa. Sirkku anaitazama karatasi, anautazama muhuri, anausoma kwa midomo kama mtu anayesoma dawa kabla ya kumnywesha mgonjwa, ndipo anapougonga. Mfugaji anaitia karatasi ndani ya bahasha, anaifunga na kutia sahihi kwenye barua ya kuambatanisha. Kazi imekwisha, na amebakiwa na muda wa kuazima kitabu cha injini za skuta za theluji.

Kituo hiki kina dakika arobaini tu. Saa tano kamili basi huondoka, kwa sababu kituo kinachofuata kiko kilomita thelathini na nane mbele na muda wake umetangazwa rasmi. Sirkku, mwenye umri wa miaka sitini na tatu, ameziendesha barabara hizi za halmashauri ya Rautujoki, huku Laplandi, kwa miaka ishirini na sita, kilomita mia mbili na sitini kwa siku. Hajawahi kuchelewa ila kwa dhoruba.

Lakini leo macho yake hayatulii. Kila baada ya dakika mbili yanarudi kwenye nyumba ya njano iliyo mita mia mbili kutoka barabarani. Moshi unatoka. Pazia la jikoni limefungwa.

"Siku za vitabu hulifungua," anasema kwa sauti ya chini. "Siku za kura hulifunga. Miaka minne sasa."

Nyumba ni ya Hilma Autti, mjane wa miaka tisini na miwili. Tangu alipofikisha umri wa kupiga kura, Hilma hakuwahi kukosa uchaguzi hata mmoja. Alipiga kura akiwa na mimba ya miezi tisa. Alipiga kura siku tatu baada ya kumzika mumewe. Kisha, miaka minne iliyopita, alipiga kura ndani ya basi hili mbele ya Sirkku, na tangu hapo hakupiga tena. Wa rais ukapita. Wa Bunge la Ulaya ukapita. Wa madiwani ukapita.

Sirkku anaamini kosa ni lake, na wala halizungukizungukii. Hilma mwenyewe ameruhusu habari hii iandikwe kwa sharti moja: nambari aliyoiandika siku ile isitajwe. Haitatajwa.

Siku hiyo, kama leo, ilikuwa kura ya mapema ya wabunge. Hilma aliingia basini na chupa ya chai iliyojaa kahawa, maana kwake kura bila kahawa ya uchaguzi ni nusu ya kura. Akaingia kituturini. Alipotoka, mkono mmoja ulishika karatasi iliyokunjwa na mwingine ulishika kitabu alichokiokota kwenye kikapu cha vitabu vikuukuu, vile ambavyo maktaba huviuza kwa euro moja. Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Kitkula haijawahi kuona mzinga.

Kitabu kikiuzwa, lazima kigongwe muhuri wa kuondolewa kwenye maktaba, mtu asije akadhaniwa amekiiba. Muhuri huo ulikuwa mezani, kando ya ule wa uchaguzi wenye simba wa taifa. Yote miwili ilikuwa na mpini wa mbao na ilitumia kidau kimoja cha wino. Karani mwenzake alikuwa ameinamia kompyuta akihangaika na mtandao. Nje, gari la posta likapiga honi kwa sababu basi lilikuwa limeziba masanduku ya barua.

Sirkku akageuza shingo dirishani. Mkono ukafanya kazi peke yake, kama ulivyozoea kwa miaka yote: kwa! kwa! Mara moja kwenye karatasi, mara moja kwenye kitabu. Hilma akaitia karatasi yake kwenye bahasha, akaifunga, akatia sahihi, wakanywa kahawa.

Jioni, Sirkku akimenya viazi, simu ikalia.

"Mwanangu, hiki kitabu chako kina simba," alisema Hilma.

Sirkku anakiri kwamba alicheka. Alimwambia labda nyuki wa siku hizi wana ulinzi wa serikali. Hilma naye akacheka. Halafu kicheko kikakatika, na Sirkku akaweka kisu cha viazi mezani.

Kama simba alikuwa kwenye kitabu, kwenye kura kulikuwa na nini?

Yawezekana alitumia muhuri uleule mara mbili, wa simba kotekote. Hapo kura ilikuwa salama na kitabu ndicho kilichokosewa. Au yawezekana aliipishanisha mihuri, na kura ya Hilma ilikuwa imelala ndani ya bahasha ikiwa na muhuri wa vitabu vilivyoondolewa. Karatasi isiyo na muhuri wa uchaguzi ni kura iliyoharibika, sheria haina huruma hapo. Na bahasha ikishafungwa haifunguliwi na mtu yeyote mpaka saa ya kuhesabu. Hilma alikuwa ameshawekewa alama kwenye daftari. Asingeweza kupiga tena.

"Sikulala," anasema Sirkku. "Niliurudia mkono wangu kichwani mara elfu. Mkono hauniambii kitu."

Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa katibu wa kamati ya uchaguzi ya halmashauri, Inkeri Lohiniva. Inkeri alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia alichokijua tayari: hakuna la kufanya ila kuandika taarifa na kusubiri Jumapili. Akachukua kalamu na kuuliza jina la mpigakura.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Usiku ule Hilma alikuwa amemwambia Sirkku, bila kupandisha sauti: "Ikiharibika, iharibike. Lakini wasijue kuwa ni yangu. Tarmo anakaa kwenye ile meza ya kuhesabu."

Tarmo ni mwanawe. Ni mwenyekiti wa tawi la chama ambacho marehemu baba yake alikijenga hapa Rautujoki kwa kupiga hodi nyumba kwa nyumba, na kila chama kina mtu wake kwenye kamati inayohesabu. Karatasi yenye muhuri wa maktaba ingekuwa moja tu miongoni mwa zote. Yeyote aliyejua ni ya nani angejua pia ameandika nini.

Na Hilma, safari hiyo, alikuwa ameandika nambari ya mgombea wa chama kingine.

Sababu yake ni fupi. Zahanati ya Rautujoki ilifungwa na serikali ambayo chama cha mumewe kilikuwa ndani yake. Kwa mazoea ya nchi, vyama vilikaa mezani wiki kadhaa baada ya uchaguzi kugawana wizara na kupatana, na kwenye mapatano hayo zahanati ndogo za kaskazini ziliondoka kama chenji. Sasa daktari yuko kilomita tisini. Tarmo alizunguka mikutanoni akiitetea hatua hiyo, uso ukimwiva.

"Mume wangu aliwapa maisha yake yote," anasema Hilma. "Mimi niliwaandikia nambari zao karibu miaka sitini. Nilitaka mara moja tu niandike yangu."

Basi Sirkku alikataa kutaja jina. Kwenye taarifa akaandika kwamba mmoja kati ya wapigakura tisa wa kituo cha Kitkula huenda karatasi yake imegongwa muhuri usio wake. Inkeri alimtazama juu ya miwani, akasema tisa ni watu wachache sana kujificha ndani yao. Sirkku akajibu kwamba ndio wote alionao.

Jumapili saa tisa alasiri kamati ikajifungia ndani, simu zikakusanywa kwenye sanduku. Watu wengine walikuwa shuleni wakinywa kahawa ya uchaguzi na mikate ya iliki. Sirkku alikaa ndani ya basi, kwenye gereji, akipanga upya rafu ambazo hazikuwa na kosa.

Kura za mapema zilikuwa elfu moja mia moja arobaini na sita. Zilizoharibika zilikuwa sita. Tatu zilikuwa tupu, mbili zilikuwa na matusi. Ya sita ilikuwa na nambari iliyoandikwa vizuri, kwa mkono usiotetemeka, na mgongoni muhuri wa kuondolewa kwenye Maktaba ya Rautujoki.

Ilipitishwa mkono kwa mkono kuzunguka meza, kama taratibu zinavyotaka. Ilipofika kwa Tarmo ilikaa. Inkeri anakumbuka kwamba alidhani Tarmo hajaiona vizuri, akataka kumsogezea taa. Tarmo akaipitisha kwa jirani yake, akaomba maji.

Hakuna aliyemwambia. Ila tangu utotoni alikuwa akisoma miaka ambayo mama yake huandika kwenye makopo ya jamu, na tarakimu za mama yake anazijua kuliko zake.

Kiti cha mwisho kati ya viti sita vya jimbo la Laplandi kiliamuliwa kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Kura ya Hilma isingebadilisha kitu. Karibu kila mtu amemwambia Sirkku hivyo, wengine kwa kumfariji, wengine kwa kumchoka.

"Sitaki kuisikia hiyo," anasema, na hapa kwa mara ya kwanza sauti yake inapanda. "Huyu mama alinikabidhi kura yake mkononi. Sikuipoteza tu. Nilimfungulia mwanawe akaisoma."

Aliomba aondolewe kwenye kazi ya uchaguzi, ambayo humwongezea kiasi cha euro tisini kwa siku juu ya mshahara wa euro elfu mbili mia nne hivi kwa mwezi. Inkeri alimuuliza nani mwingine ataendesha basi. Hakukuwa na mwingine. Akapewa onyo la maandishi, akalibandika ndani ya kabati la dereva, mahali anapolisoma kila anapochukua ufunguo. Muhuri wa vitabu akauhamishia kwenye sanduku la spana. Ule wa uchaguzi akaufunga mkononi.

Kati ya Tarmo na mama yake hakukutokea ugomvi. Ingekuwa nafuu, anasema Sirkku, wangegombana. Tarmo aliendelea kuja na trekta kuondoa theluji uani kwa mama yake, akaendelea kumletea kuni na viazi, akavipanga barazani vizuri. Kisha hupiga honi mara moja, na kwenda zake. Hakuingia tena kunywa kahawa. Majira manne ya baridi, kuni barazani na honi.

Hilma naye akaacha kupiga kura. Alipoulizwa, alisema yake imeshasomwa.

Sasa ni saa tano kasorobo. Wapigakura watano wameshapita. Mmoja amesahau kitambulisho, amekimbia nyumbani na kurudi akihema. Karani mwenza anamwambia Sirkku anywe chai. Sirkku anasema baadaye.

Kuna jambo ambalo hakuwa na mpango wa kulisema, lakini kusubiri kunamfungua mdomo. Wiki iliyopita alimkuta Tarmo kituo cha mafuta. Kwa miaka minne walikuwa wakisalimiana kwa kutikisa vichwa. Safari hii alimfuata mpaka kwenye pampu.

"Nikamwambia, Tarmo, mwenye kosa ni mimi, nami nakula mshahara wangu kama kawaida. Unayemwadhibu ni yule ambaye hakukosea kitu. Kura ile hukupaswa kuiona. Basi jifanye hukuiona."

Tarmo alijibu nini?

"Alilipa mafuta yake."

Anajilaumu hata kwa hilo. Usiku ule alifikiri kwamba amechokonoa kidonda, kwamba sasa hata kuni hazitaletwa. Mama wa miaka tisini na miwili, nyumba ya mbao, Laplandi. Mwaka huu ameshaanguka mara mbili ngazini. Uchaguzi mwingine wa wabunge ni baada ya miaka minne, na Sirkku anajua kuhesabu.

Saa tano kasoro dakika kumi. Pazia bado limefungwa. Barabara imenyooka na tupu, theluji pande zote imepata ganda linalong'aa. Anawasha vioo vya pembeni vipate joto, jambo analolifanya tu anapokaribia kuondoka.

Kasoro dakika sita. Anaanza kukunja karatasi zake, anazikunjua.

Kasoro dakika nne, trekta linasikika kabla halijaonekana. Linatokea nyuma ya nyumba ya njano, taa zikiwaka mchana kweupe, likija polepole mno kuliko trekta linavyopaswa kuja. Kiti cha abiria ndani yake ni kidogo kama stuli. Juu ya stuli hiyo amekaa Hilma Autti, amevaa koti lake la kanisani, chupa ya chai ameibana mapajani.

Sirkku hasogei. Mkono wake wa kushoto umeushika wa kulia, pale penye uzi.

Tarmo, mwanamume mnene wa miaka sitini na nne, anashuka, anazunguka, anambeba mama yake kama furushi la nguo na kumweka chini mbele ya mlango wa basi. Anamshika kiwiko mpaka ngazi ya tatu. Halafu anashuka zote tatu, anatembea mpaka kwenye masanduku ya barua, na kuligeuzia basi mgongo. Anautazama msitu.

"Habari za asubuhi, Mama Hilma," anasema Sirkku.

"Bado mmefungua?"

"Dakika tatu. Lakini ukishaingia umeingia."

Hilma anatoa kitambulisho. Anapokea karatasi na kwenda kituturini kwa hatua fupi, akishika rafu za riwaya. Anakaa humo muda mrefu. Injini inanguruma. Karani mwenza anatazama saa, Sirkku anamtazama karani mwenza, na karani anaacha kutazama saa.

Hilma anarudi, karatasi imekunjwa. Anaiweka mezani lakini kidole hakiondoi.

"Nionyeshe kwanza."

Sirkku anaugeuza muhuri juu chini, anamwinulia. Hilma anavaa miwani. Anamchunguza simba, upanga wake na mkia wake, hana haraka.

"Ni yeye," anasema, na kuondoa kidole.

Kwa! Mara moja. Wote wawili wanainama kutazama: simba yuko pale, wino wake bado mbichi. Sirkku anaupuliza ukauke. Hilma anatia karatasi kwenye bahasha, anailamba mwenyewe, anatia sahihi. Bahasha itasafiri na mfuko wa posta na lazima iwe mikononi mwa kamati kabla ya Ijumaa saa moja usiku. Mpaka hapo, anakiri Sirkku, roho yake itakuwa juu.

Mwaka huu Tarmo hayumo kwenye kamati. Kumbe alijiuzulu juzi, habari ambayo Sirkku anaipata hapa hapa kutoka kwa Hilma, anapomimina kahawa ya uchaguzi kwenye vikombe vya plastiki na kudondosha vipande vya jibini ndani yake kama inavyonywewa huku. Alimwambia mama yake jana, akiwa jikoni.

"Jikoni?" anauliza Sirkku.

"Aliingia. Akakaa. Akasema kahawa yangu imekuwa nyepesi." Hilma anakoroga. "Nikamwambia ni kwa sababu nanunua pakiti moja, wanywaji hawapo."

Sirkku anastaafu baada ya miaka miwili. Halmashauri inasema basi hili limezeeka na huenda lisinunuliwe jingine, na Kitkula ibaki bila vitabu na bila kituo cha kura. Ameanza kukusanya sahihi za kulitetea. Amepata mia tatu na nne, na anataka elfu moja kabla theluji haijayeyuka. Mpango wake ni mmoja: uchaguzi wa madiwani uwe wa mwisho kwake, na afike hapa Kitkula akiwa na uzi uleule mkononi.

"Na mimi nitakuwa na miaka tisini na minne," anasema Hilma. "Njoo na wino wa kutosha."

Saa tano na dakika sita. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, basi limechelewa na hakuna dhoruba. Sirkku anamsaidia Hilma kuteremka, kikombe cha tatu kikiwa mkononi mwa mzee huyo, kimefunikwa kwa kiganja kisipoe. Tarmo bado anautazama msitu. Masikio yake yamekuwa mekundu kwa baridi.

Hilma anakwenda mpaka nyuma yake na kumpitishia kikombe ubavuni.

"Nimeshafunga bahasha," anamwambia. "Unaweza kugeuka."

Tarmo anapokea kikombe. Anakunywa kwanza, mpaka kwenye jibini, akiwa bado ameuelekea msitu. Ndipo anapogeuka.